Chaki ya Bluu Haisomeki Nyuma

Mwaka jana nilitengeneza video ya kufundishia, ya dakika sita. Kazi yangu ni uandishi wa habari na mambo ya video siyo fani yangu, kwa hiyo nilijiona nimefanya jambo kubwa. Ilikuwa inaeleza misimu ya mvua Tanzania: sehemu zinazopata vuli na masika, yaani kaskazini na pwani ya kaskazini, na sehemu zenye msimu mmoja mrefu, yaani kati, kusini na magharibi. Nikachora ramani. Kijani kwa misimu miwili, nyekundu kwa msimu mmoja. Ilinipendeza mpaka nikaiangalia mara tatu kabla ya kulala.

Asubuhi nikamtumia mdogo wangu kwenye WhatsApp. Yeye ni mwalimu wa historia sekondari, anajua wanafunzi huchokea wapi. Jibu likaja saa nne, wakati wa chai:

"Dada, nzuri. Ila huo mpaka wa mvua uko wapi? Mimi naona nchi nzima rangi moja."

Nilitaka kucheka, halafu nikakumbuka. Mdogo wangu ana upofu wa rangi. Nimelijua jambo hilo kwa zaidi ya miaka kumi, na bado nilikaa wiki nzima mbele ya kompyuta nikachagua rangi mbili ambazo yeye hawezi kuzitenganisha. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichagua nyekundu na kijani kwa sababu ndizo zilizonijia kichwani, basi.

Makala hii imetoka kwenye aibu hiyo. Nilianza kwa kujiuliza nani alituambia kwamba rangi fulani ndizo za kufundishia, nikajikuta nimerudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili.

Praktiko ya kemia

Kwanza niseme kilichompata mdogo wangu, maana bila hicho haya mengine yatabaki stori za makumbusho.

Alikuwa kidato cha nne na alitaka kuwa mfamasia. Kwenye praktiko ya kemia kuna zoezi ambalo kila aliyesoma sayansi analikumbuka: asidi iko kwenye bureti, besi iko kwenye chupa, unadondosha matone mawili ya kiashirio, halafu unafungua asidi taratibu mpaka maji ya manjano yageuke yawe na wekundu kidogo. Hapo hapo unafunga na kuandika ujazo uliotumika. Unarudia mara tatu, na majibu yako yanatakiwa yakaribiane.

Ya kwake hayakukaribiana hata siku moja. Wenzake walifunga bureti, yeye akawa bado anasubiri rangi igeuke. Alipoona ameachwa, akaanza kuchungulia namba za jirani. Mwalimu alimkamata, akamwambia mbele ya darasa kwamba anapika majibu, na mtu anayepika majibu hafai kwenye sayansi. Mdogo wangu hakujitetea. Angejitetea kwa lipi? Hakujua kwamba wenzake wanaona kitu ambacho yeye hakioni. Alidhani wao wana haraka ya mkono na yeye ni mzito.

Kidato cha tano akaenda kusoma masomo ya sanaa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa chuo, alipimwa macho hospitalini. Akafunguliwa kitabu chenye miviringo iliyojaa madoadoa ya rangi, akaambiwa asome namba zilizofichwa ndani. Kurasa kadhaa hakuona namba yoyote. Kitabu kile kina asili yake Tokyo: daktari wa macho Shinobu Ishihara alikitoa mwaka 1917, na mpaka leo hospitali nyingi duniani hutumia kipimo chake. Dakika tano za madoadoa zilieleza mwaka mzima wa bureti.

Nilimuuliza ilikuwaje akafika chuo bila mtu kujua. Jibu lake nimelitafakari sana kama mtu anayeishi kwa maneno. "Dada, Kiswahili kilinificha."

Fikiria. Katika lugha yetu, maneno ya rangi yanayobeba viambishi vya ngeli ni matatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Karibu yote mengine tumeyachukua kwenye vitu. Kijani ni jani. Manjano ni kile kiungo cha jikoni. Zambarau ni tunda, kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, rangi ya machungwa haihitaji maelezo. Mtoto akiulizwa jani lina rangi gani, jina lenyewe limeshamjibu. Mdogo wangu alijifunza rangi kwa masikio na alifaulu vizuri kabisa, hadi siku alipopewa chupa yenye maji ambayo hayakuwa jani wala tunda.

Ndugu wawili na ua moja

Hakuwa wa kwanza kuumbuliwa na kemia, ingawa wa kwanza aliumbuka kwa heshima zaidi. John Dalton, yule wa nadharia ya atomu tuliyemkariri shuleni, alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Eaglesfield, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1792 aliangalia ua la jeraniamu kwa mwanga wa mshumaa, akashangaa. Ua ambalo mchana alikuwa analiona la bluu kama anga, usiku lilikuwa jekundu. Akawauliza rafiki zake. Wote walimwambia ua halijabadilika kitu, isipokuwa mtu mmoja aliyeona kama yeye: kaka yake.

Tarehe 31 Oktoba 1794 Dalton alisoma mbele ya chama cha wasomi wa Manchester maelezo ya namna anavyoona. Ni kati ya maandishi ya mwanzo kabisa ya kisayansi kuhusu hali hii, na ndiyo sababu Wafaransa na Waspaniola mpaka leo huiita kwa jina lake. Alidhani maji ya ndani ya macho yake yana rangi ya bluu inayozuia mwanga mwekundu, akaacha maagizo kwamba akifa macho yapasuliwe yachunguzwe. Alifariki 1844. Daktari akafanya kama alivyoagizwa, akakuta maji yake ni meupe kama ya mtu mwingine yeyote. Dalton alikosea sababu, lakini mabaki ya macho yalihifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi walipima vinasaba vyake. Walikuta alikosa kabisa ile chembe inayopokea mwanga wa katikati, ambao sisi wengine tunauona kijani.

Kwa nini ndugu wawili? Kwa sababu jeni zinazohusika ziko kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake, kwa hiyo ikiwa na hitilafu hana ya akiba. Ndiyo maana hali hii hupita kwa akina mama na kuwapata zaidi watoto wa kiume. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 anayo. Kwetu Afrika tafiti nyingi zimepata idadi ndogo zaidi, ila ndogo siyo sifuri, na madarasa yetu tunayajua yanavyojaa.

Mkaa, betri na majani ya viazi

Ubao wa darasani haukuanza na rangi. Neno lenyewe, ubao, ni kipande cha mti. Watoto wa pwani waliosoma chuoni waliandika aya kwa wino juu ya mbao, wakizihifadhi huzifuta na kuandika nyingine. Ubao mkubwa mweusi wa ukutani, unaoonekana na darasa zima kwa wakati mmoja, ulienea Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 19. Mtu anayetajwa sana ni James Pillans, aliyekuwa mkuu wa High School ya Edinburgh kuanzia 1810 hadi 1820. Alifundisha jiografia kwa kuchora ramani ubaoni kwa chaki za rangi. Kwa hiyo ile ramani yangu ya mvua ina babu, na babu huyo alikuwa Mskoti mwenye vumbi la chaki kwenye koti.

Mimi ubao mweusi naujua kwa mikono. Katika shule yetu ya msingi huko Singida, ubao ulikuwa ni saruji iliyosawazishwa ukutani, na kila muhula ulikuwa unapauka. Tulitumwa nyumbani kutafuta betri kuukuu za redio. Tulizipasua tukatoa ule unga mweusi, tukauchanganya na mkaa uliosagwa, tukatwanga pamoja na majani ya viazi vitamu ili dawa ishike. Wakubwa walipaka, wadogo tuliteka maji. Ubao ukikauka, chaki nyeupe ilisomeka mpaka dawati la mwisho.

Wakati ule niliona ni adhabu tu. Sasa naona kwamba mwalimu wetu mkuu alijua kitu ambacho mimi na kompyuta yangu tulikisahau: kinachosomeka kwa mbali ni tofauti ya mwanga na giza. Rangi yenyewe huja baadaye. Alikuwa na chaki za bluu kwenye boksi na hakuziandikia hata siku moja. "Chaki ya bluu haisomeki nyuma," alikuwa anasema, na zile chaki zikaishia kuchorea maua kwenye mbao za matangazo.

Katikati ya karne ya 20 viwanda vilianza kutengeneza mbao za chuma zilizopakwa kijani, na wengi waliona kijani haiumizi macho kama nyeusi inayong'aa juani. Jicho likakubali, maana chaki nyeupe ilibaki nyeupe na ubao ulibaki na giza la kutosha.

Kitabu cha shilingi 25

Mtu aliyeamini rangi kuliko wote alikuwa Oliver Byrne, Mwairishi mwalimu wa hesabu. Mwaka 1847, London, alitoa toleo la vitabu sita vya kwanza vya Euclid, kile chuo kikuu cha jiometri cha miaka elfu mbili. Kama ulisoma jiometri unakumbuka mateso yake: "pembe ABC ni sawa na pembe DEF," na jicho lako linaruka kutoka kwenye sentensi kwenda kwenye mchoro, kutafuta B ni ipi, kurudi, kusahau. Byrne akafuta herufi. Mahali pa kuandika "mstari AB" aliweka mstari mwekundu wenyewe ndani ya sentensi. Mahali pa pembe akaweka kipande cha pembe cha njano. Unasoma, na kitu kinachosemwa unakiona hapo hapo.

Alitumia nyekundu, njano, bluu na nyeusi, basi. Katika utangulizi alijihami mapema kwamba rangi hizo hazikuwekwa kuburudisha macho, ziliwekwa kumsaidia msomaji kufikiri. Hebu fungua kurasa zake mtandaoni utaona alikuwa mkweli. Hakuna rangi isiyokuwa na kazi. Kila moja ni jina la kitu fulani, na ikishapewa kitu hicho haihami hadi hoja iishe.

Nilimtumia mdogo wangu kurasa mbili. Akazisoma bila kukwama. Njano na bluu hazimsumbui, na nyekundu hakuchanganya na kijani kwa sababu kijani haimo. Sidhani Byrne alikuwa anamfikiria mtu kama yeye, lakini kwa kutumia rangi chache zilizoachana mbali, alimwachia mlango wazi.

Kitabu kilikuwa na kasoro zake. Mstari mwembamba wa njano kwenye karatasi unafifia. Na kuchapa rangi kwa vibao vya mbao, kila rangi ipitishwe peke yake na zikutane bila kupishana, ilikuwa kazi ghali. Bei ilikuwa shilingi 25, mara kadhaa ya bei ya Euclid wa kawaida. Kilionyeshwa kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851, watu wakakisifia, na shule zikaendelea na herufi zake. Mwanafunzi aliyekihitaji zaidi ndiye hakuwa na shilingi 25.

Mashine zinapotuchagulia

Kuanzia hapo historia inakwenda mbio, na mara nyingi mashine ndiyo iliyochagua. Picha za taa za kioo za karne ya 19 zilipakwa rangi kwa mkono, moja moja. Miaka ya 1930 Kodak ilileta filamu ya Kodachrome, na slaidi za rangi zikaingia vyuoni. Wanasayansi waliokuwa na bajeti ndogo walitumia njia ya bei nafuu iliyotoa maandishi meupe juu ya bluu iliyokolea. Wengi wetu tumekaa kwenye semina tukiangalia maandishi meupe au ya njano juu ya bluu bila kujua kwamba tunaangalia mabaki ya maabara ya picha.

Programu ya PowerPoint ilitoka 1987, kazi ya kampuni ndogo ya California iitwayo Forethought, ambayo Microsoft iliinunua mwaka huo huo. Toleo la kwanza lilikuwa la nyeusi na nyeupe tu, la kuchapa karatasi za plastiki za kuweka juu ya projekta. Mwaka uliofuata likaja toleo la rangi. Ghafla kila mwalimu mwenye kompyuta alikuwa na boksi la chaki lisilo na mwisho, na hakuna mwalimu mkuu wa kumwambia habari za nyuma ya darasa.

Kuna jambo moja la mashine ambalo ningependa ningeambiwa mapema. Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi. Inarusha mwanga tu. Ile "nyeusi" unayoiona ukutani ni ukuta wenyewe pale ambapo mwanga haukutua. Kwenye ukumbi wenye giza, slaidi ya weusi hukaa vizuri, na ndiko desturi ya slaidi za bluu ilikozaliwa. Lakini ipeleke kwenye darasa letu la madirisha yasiyo na pazia, saa sita mchana: weusi wote unakuwa kijivu, na maandishi yanazama. Hapo slaidi nyeupe yenye herufi nyeusi ndiyo huokoka. Simu ni kinyume. Kioo chake kina mwanga wake, na video ya maandishi angavu juu ya weusi husomeka vizuri; Salman Khan alianza hivyo kwenye YouTube mwaka 2006, kwa mistari ya rangi juu ya ubao mweusi wa kompyuta, na mamilioni wakajifunza hesabu. Kwa hiyo kabla ya kuchagua rangi, uliza kwanza itaangaliwa wapi na saa ngapi.

Hesabu ya mwanga

Mwaka 2008, shirika linalosimamia kanuni za intaneti, W3C, lilitoa mwongozo unaopima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na usuli wake kwa namba, kuanzia 1 hadi 21. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5, makubwa angalau 3. Nikaanza kupima rangi kamili za kompyuta, zile tunazozibofya bila kufikiri. Njano juu ya nyeupe: 1.07, yaani karibu sawa na kutoandika kitu. Kijani kali juu ya nyeupe: 1.37. Nyekundu juu ya nyeupe: karibu 4, inapungukiwa kidogo. Bluu juu ya nyeupe: zaidi ya 8. Na bluu juu ya nyeusi? 2.4. Nikamkumbuka mwalimu wetu mkuu, ambaye hakuwahi kuona kompyuta, na boksi lake la chaki.

Mwongozo huo una kanuni nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa: usiiachie rangi peke yake kazi ya kubeba maana. Japani, miaka ya mwanzo ya 2000, wanasayansi wawili, Masataka Okabe na Kei Ito, ambao wenyewe wana upofu wa rangi, walichoka kukaa kwenye mikutano wakiangalia picha za nyekundu na kijani. Wakapanga rangi 8 zinazotofautishika kwa watu wengi wa aina zote: nyeusi, rangi ya machungwa, bluu ya anga, kijani yenye ubluu, njano, bluu, nyekundu yenye umachungwa na zambarau yenye wekundu. Hazina hakimiliki ya kukusumbua; ukitaka, unaziandika tu kwenye programu yako.

Ipo pia njia ya bure kabisa, na walimu wetu wanaijua bila kujua: fotokopi. Geuza slaidi yako iwe nyeusi na nyeupe. Kama bado inaeleweka, rangi zako zinasaidia. Kama ramani imekuwa kijivu tupu, kama yangu ilivyokuwa nilipojaribu, basi huenda kuna mtu darasani anayeshindwa kutofautisha rangi zake.

Reli za mjomba

Nilipokuwa nasoma habari za kromosomu X nilimpigia mama. Nikamuuliza kama kwao kuna mwanamume aliyekuwa anachanganya rangi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Si mjomba wako, yule fundi."

Mjomba alikuwa fundi cherehani. Utotoni nilipenda kukaa kibandani kwake, na kitu nilichokikumbuka ni reli zake za nyuzi. Kila moja ilikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa, na juu yake ameandika kwa kalamu: kijani, nyekundu, kahawia, damu ya mzee. Nilidhani ni unadhifu. Tulipofika likizo alitukabidhi nyuzi mpya na kusema, "Mjomba, nisomee hii, halafu bandika." Hakuna mteja aliyewahi kurudishiwa gauni la kijani lenye uzi mwekundu. Alitambua udhaifu wake peke yake, akatengeneza dawa yake peke yake, na hakumwambia mtu. Laiti angemwambia mpwa wake mmoja kabla ya kidato cha nne.

Nimeitengeneza upya ile video. Sehemu za misimu miwili sasa ni bluu iliyokolea, za msimu mmoja ni rangi ya machungwa iliyofifia, na katikati nimepitisha mstari mnene mweusi. Juu ya kila upande nimeandika kwa herufi kubwa: VULI NA MASIKA, MSIMU MMOJA. Nimebandika majina, kama mjomba. Nikaigeuza kijivu, ikasomeka. Nikaituma.

Jibu lilikuja saa nne, wakati wa chai.

"Sasa naona. Ila dada, unaongea haraka mno. Watoto watakuacha."